Pikapu Ikikohoa: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Pikapu imepakia magunia ya mpunga na bidoni za mawese, inatoka Kasongo kwenda Kabambare. Kwenye tambarare inakwenda vizuri. Ikifika kilimani inaanza kutetemeka: pu, pu, pu, kimya, pu, pu, kimya. Dereva anakanyaga mafuta, nguvu haiji. Abiria mmoja anasema ni kabureta, mwingine anasema ni buji, wa tatu anasema injini imekwisha. Kila mmoja ana hakika, na boneti bado haijafunguliwa.

Makala hii ni kwa ajili ya mwenye gari na dereva wa pikapu ya zamani, kama zile Hilux na Land Cruiser tunazoziona kila siku huku kusini mwa Maniema. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji utulivu, vifaa vichache, na kufuata hatua kwa mpangilio. Naukazania mpangilio kwa sababu moja: kwetu kipuri hakiuzwi nyumba ya pili. Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200 za barabara ya udongo, na vipuri vingi vinatoka mbali zaidi, Bukavu, Uvira au Lubumbashi. Ukiagiza kwa kubahatisha, kipuri kitafika na ugonjwa utakuwa palepale. Kwa hiyo tutaanza na hatua zisizo na gharama, na kununua kutakuja mwisho.

Injini "inaruka" maana yake nini?

Pikapu nyingi za zamani zina silinda nne. Land Cruiser ya mazutu yenye injini ya 1HZ ina sita. Silinda ni kama kopo la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Kila silinda huvuta hewa, huibana, huwaka, kisha hutoa moshi. Zinapokezana kama akina mama wanaotwanga kinu kimoja. Mmoja akikosa kupiga mchi, mdundo unavurugika na wenzake wanabeba kazi yake. Ndiko huko kuruka, au kukata, madereva wanakokusema.

Ili silinda iwake inataka mambo matatu: mafuta na hewa kwa kipimo chake, mbano wa kutosha, na moto kwa wakati wake. Kwenye injini ya esansi, moto ni cheche ya buji, ambayo Watanzania na Wakenya huiita plagi. Injini ya mazutu, yaani dizeli, haina cheche. Hewa ikibanwa sana hupata joto kali, na mazutu yakinyunyizwa humo yanawaka yenyewe. Buji za mazutu ni za kupasha joto wakati wa kuwasha tu. Kumbuka pia kwamba kwetu neno "petroli" kwa wengi ni mafuta ya taa, ndiyo maana humu nitasema "esansi" peke yake.

Je, naweza kuendelea na safari hivyo hivyo?

Fika mahali salama, kisha simama. Silinda ya esansi isiyo na cheche inaendelea kuvuta mafuta yake na kuyatupa kwenye bomba la moshi. Kwenye injini ya silinda nne, ni karibu chupa moja katika kila chupa nne ulizonunua. Mafuta hayo huosha oili kwenye kuta za silinda, mengine hushuka chini na kuifanya oili ya injini iwe nyepesi. Leo unapoteza esansi, kesho unapoteza ringi za pistoni.

Nianze kwa kujiuliza nini?

Jiuliza tatizo linakuja lini. Likija baada ya mvua ya usiku au baada ya kupita kwenye madimbwi, shuku waya za buji na delko, kile chombo kinachogawa moto kwa kila silinda. Likianza baada ya kujaza mafuta ya bidoni, shuku maji au uchafu. Likija kilimani na mzigo tu, huenda mafuta hayafiki ya kutosha au cheche ni dhaifu. Likija injini ikishapata moto na kuondoka ikipoa, shuku bobini, inayozalisha umeme wa cheche, au kondensa iliyo kwenye delko. Lisipoondoka wakati wowote, asubuhi hadi jioni, huenda silinda moja imekufa kabisa.

Kisha chukua karatasi ya daftari. Injini ikiwa inanguruma polepole, ishike karatasi karibu na mdomo wa bomba la moshi, ila usiguse bomba. Injini nzima husukuma karatasi nje bila kubadilika. Karatasi ikiruka mara kwa mara kwa mdundo uleule, kuna silinda moja isiyofanya kazi. Ikivutwa kurudi kwenye bomba, huenda valvu, au supapu kama mafundi wetu wasemavyo, haifungi vizuri. Gharama: karatasi moja.

Nijilinde vipi?

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, toa gia, weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu. Fanya kazi nje, maana moshi wa injini unaua ndani ya nyumba iliyofungwa. Sigara na jiko la makaa vikae mbali. Kama kuna harufu kali ya esansi au tone linadondoka, usifanye jaribio lolote la cheche hadi uzibe mahali panapovuja. Vua skafu, kunja mikono ya shati, kaa mbali na feni na mkanda wake. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto.

Nitajuaje ni silinda ipi?

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Kwenye Hilux na Land Cruiser za zamani, silinda namba 1 ni ile ya mbele, upande wa feni. Hesabu kutoka hapo kwenda nyuma.

Njia ya kwanza ni ya tone la maji, na hufanywa asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Washa, acha ingurume kwa dakika moja hivi. Chovya kidole kwenye kikombe cha maji, udondoshe tone moja juu ya kila tawi la chuma linalotoa moshi kwenye injini. Tone likiita "chii" na kukauka, silinda hiyo inawaka. Tone likibaki limelala kama umande juu ya jani, hapo ndipo pana mgonjwa. Dondosha tone moja moja tu, wala usimwage maji kwenye chuma cha moto, kitapasuka. Njia hii inafaa kwa esansi na kwa mazutu.

Njia ya pili ni ya injini ya esansi. Zima injini. Chomoa waya wa buji ya silinda namba 1, uuchomeke kwenye buji ya akiba, kisha ilaze buji hiyo juu ya chuma tupu cha injini igusane nacho vizuri. Washa, usikilize bila kugusa waya. Injini ikizidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika hata kidogo, umeipata iliyolala. Zima, rudisha waya, nenda kwa inayofuata. Usichomoe waya kwa mkono injini ikiwaka: utapigwa na umeme, na waya ukiachwa hewani unaweza kuua bobini.

Njia ya tatu ni ya injini ya mazutu yenye pampu ya zamani. Injini ikinguruma polepole, funika kwa kitambaa nati ya bomba la chuma linaloingia kwenye nozeli, yaani enjekta inayonyunyiza mazutu, kisha ilegeze nusu mzunguko kwa spana, mara nyingi namba 17. Mlio ukibadilika, silinda ilikuwa nzima. Usipobadilika, ndiyo yenye shida. Kaza kabla ya kwenda nyingine. Vaa miwani, na usiweke mkono mbele ya mazutu yanayoruka. Mkandamizo wake unaweza kutoboa ngozi, na jeraha la namna hiyo, hata likionekana dogo, ni la kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo. Kwa gari jipya la mazutu lenye pampu inayoongozwa na kompyuta, usifanye jaribio hili kabisa.

Nimeipata silinda. Sasa nitazame buji?

Ndiyo, kama ni gari la esansi. Pangusa vumbi kuzunguka buji ili mchanga usidondoke ndani, kisha ifungue uisome. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi meusi makavu yanasema mafuta ni mengi kuliko hewa: tazama filta ya hewa, na choki kama imeganda. Weusi wenye oili unasema oili inapenya kwenye ringi au valvu. Buji iliyolowa esansi inasema mafuta yanafika lakini moto haufiki. Weupe wenye vipele unasema silinda inapata moto kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu mafuta ni machache.

Isafishe kwa brashi laini ya waya. Kisha ibadilishane nafasi na buji ya silinda nzima. Ugonjwa ukihamia kule ulikoipeleka, buji ndiyo mbovu, na unajua unachonunua. Ukibaki palepale, buji haina kosa. Jaribio hilo la kubadilishana halina gharama, nalo limeokoa fedha za watu wengi kuliko kifaa chochote cha gereji.

Unaporudisha buji, anza kwa vidole. Kipande cha mpira mwembamba kilichovishwa kwenye kichwa cha buji kinasaidia kuizungusha bila kuharibu nyuzi. Ikishagota, buji mpya ikaze nusu mzunguko, iliyokwisha kutumika kidogo tu. Nafasi kati ya ncha zake, kwa injini nyingi za zamani za Toyota, ni milimita 0.8.

Waya na delko je?

Ngoja usiku. Mahali penye giza, washa injini ufungue boneti. Waya uliopasuka huonyesha cheche ndogo za buluu zikirukia kwenye chuma, na utazisikia: tik, tik, tik. Gharama ni kungoja jua lizame.

Kama ni asubuhi baada ya mvua, zima injini ufungue kifuniko cha delko. Nakumbuka asubuhi moja njiani, pikapu imegoma mbele ya kilima, na watu wanachanga fedha za kumtuma kijana wa pikipiki akatafute kabureta. Mzee mmoja aliomba kitambaa kikavu. Ndani ya kifuniko, jasho la maji lilikuwa limetanda kama kwenye mfuniko wa sufuria. Akalipangusa pembe zote, akakirudisha, na injini ikaita kwa mdundo mmoja.

Ukishapangusa, tazama ndani ya kifuniko kama kuna mstari mweusi mwembamba kama unywele. Huo ni ufa ambamo umeme hutorokea, na kifuniko hicho hubadilishwa. Tazama pia kidude cha makaa katikati, na vyuma vya pembeni kama vimeungua. Delko za zamani zina platini, vile vyuma viwili vinavyofunguka na kufunga. Zikiwa na mashimo, cheche hudhoofika. Nafasi yake kwenye Toyota nyingi ni milimita 0.45, na fundi ana vibati vya kuipimia.

Kabla ya kuchomoa waya zote, funga uzi kwenye kila mmoja: fundo moja kwa silinda namba 1, mafundo mawili kwa namba 2, na kuendelea. Injini za Hilux za esansi kama 2Y, 3Y na 22R huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Waya mbili zikipishana, utakuwa umejitengenezea ugonjwa mpya.

Nitajuaje kama mafuta ni mabaya?

Huku kwetu mafuta hupita mikono mingi na bidoni nyingi kabla ya kufika kwenye tangi. Chota kidogo kutoka chini ya tangi au kwenye filta, utie kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, uiache itulie kwa robo saa. Maji ni mazito kuliko esansi na mazutu, kwa hiyo yatakaa chini na utaona mstari unaoyatenga. Kwa esansi, dondosha pia tone kwenye karatasi kivulini. Esansi safi hukauka na kupotea. Doa la mafuta likibaki, imechanganywa na mafuta ya taa au mazutu.

Ukikuta maji, mwaga yaliyo chini ya tangi, safisha filta au uibadilishe. Gari la mazutu mara nyingi lina skurubu ya kumwagia maji chini ya filta: ifungue hadi yatoke mazutu matupu, ifunge, kisha piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Kuanzia hapo, chuja mafuta kila unapojaza, kwa kitambaa safi chenye uzi uliosongamana, na uache bidoni ikae imetulia kabla ya kumimina. Yaliyo chini kabisa yasiingie kwenye tangi.

Kuna jambo jingine rahisi. Injini ikifa baada ya mwendo mrefu, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inaingia kwa kishindo na injini ikapona, tundu la kupumulia limeziba, lisafishe tu. Kwenye gari la mazutu, nati au mpira uliolegea kati ya tangi na pampu huingiza hewa, na injini hukata. Kaza vibano vyote kabla ya kumshtaki mtu wa pampu.

Kabureta ifunguliwe baada ya hayo yote. Vitundu vyake hupulizwa kwa hewa, havichokonolewi kwa waya, maana tundu likipanuka kipimo cha mafuta kinaharibika.

Na hewa?

Kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi hujaza filta ya hewa upesi. Itoe, igonge taratibu, ipulize kutoka ndani kwenda nje. Kisha sikiliza mlio wa "sss" kwenye mipira midogo iliyo karibu na kabureta. Paka maji ya sabuni mahali unapopashuku. Mlio wa injini ukibadilika, hewa inapenya hapo. Usijaribu kwa kumwaga esansi, ni kuita moto.

Kama vyote hivyo ni vizima?

Basi limebaki la mbano, na hapa ni kazi ya fundi mwenye geji ya kupimia. Kazi yako ni kuelewa majibu. Fundi hupima silinda zote. Akikuta moja iko chini, kwa injini ya esansi hutia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la buji na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, ni valvu, au ni gasketi iliyo kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ndiyo ya kushukiwa kwanza, hasa kama oili imekuwa nyeupe kama maziwa au maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja.

Mwombe apime nafasi za valvu kabla ya kufungua kichwa cha injini. Valvu iliyobana haifungi, na kuirekebisha ni kazi ya saa chache. Kufungua kichwa ni kazi ya siku kadhaa, yenye gasketi na vipuri vya kungoja.

Kipuri nikiagize vipi?

Andika aina ya injini kama ilivyochorwa kwenye chuma chake: 22R, 3Y, 2L, 3L, 1HZ. Usiseme "ya Hilux" tu, Hilux ni nyingi. Mtume mtu na kipuri cha zamani mkononi, awe anakwenda Kindu, Bukavu au Uvira, au kwa treni inayopita Samba. Buji mpya ilinganishwe na ya zamani kwa urefu wa nyuzi: ndefu kupita kiasi itagongana na pistoni. Bei hubadilika na dola, kwa hiyo uliza kwa watu wawili au watatu kabla ya kutoa faranga. Kwa mpangilio, buji ni rahisi zaidi, kisha filta, waya, kifuniko cha delko, bobini, na kabureta au pampu ndizo ghali.

Na fundi, patana naye bei ya kutafuta ugonjwa mbali na bei ya kutengeneza, na umwombe akurudishie vipuri alivyotoa. Fundi mwaminifu hatachukia.

Nibebe nini safarini?

Buji mbili na spana yake, waya mmoja mrefu wa buji, filta ya mafuta, spana namba 10 hadi 17, koleo, bisibisi, tochi, kitambaa kikavu, chupa nyeupe na lita moja ya oili. Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja chini ya kiti. Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100, na si salama kulala njiani.

Ongeza daftari na kalamu. Andika tarehe, silinda uliyoikuta imelala, ulichobadilisha na kilichotokea. Siku utakapofika gereji ukamwambia fundi, "Silinda ya tatu hailipuki, nimebadilisha buji na waya, ugonjwa umebaki palepale," utakuwa umeshafanya nusu ya kazi yake, na hutalipia kabureta ambayo haikuwa na kosa.